TUSIFICHANE KAZI YA KAMERA



Iko desturi mbaya katika kazi yetu, nasi twaitaja hapa wazi. Mpiga picha akipata picha nzuri ya arusi, wenzake wakamwuliza, "Ndugu, hapa lenzi uliifungua kiasi gani?" yeye hucheka tu na kufunga mkoba wake. Adhani amelinda mkate wake. Sisi twasema hakulinda kitu.

Filamu za rangi tulizoletewa kwa miaka mingi zilipimwa ng'ambo kwa uso mweupe. Kodak iliwapa wasafisha picha kadi yenye sura ya mwanamke wa Kizungu, ikaitwa kadi ya Shirley, ili rangi zisawazishwe kwa ngozi yake. Waliokuwa wakubwa wa Kodak wamesimulia kwamba malalamiko yaliyowasukuma kuboresha rangi za giza yalitoka kwa watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao. Chokoleti ilisikilizwa kabla yetu!

Basi maarifa ya kumpiga picha bibi arusi mweusi mwenye nguo nyeupe, saa saba mchana, hayakuwamo katika vijitabu vya kamera. Wapiga picha wetu waliyapata kwa kuharibu filamu walizonunua kwa pesa zao. Kila mmoja akiyafukia, kijana anayeanza hulipa gharama ileile upya.

Kamera za leo nyingi hazina filamu, lakini kipimo chake cha mwanga bado hutaka kila kitu kiwe cha kijivu. Nguo nyeupe ikijaza picha, kamera hupunguza mwanga na uso wa bibi arusi hupotea gizani. Suti nyeusi ikijaza, huongeza mwanga na uso wa bwana arusi hupauka. Dawa ni kusogea karibu, kupima uso wenyewe, kisha kurudi nyuma bila kugeuza vipimo hivyo. Kumwambia mwenzako jambo hili ni dakika mbili. Kuligundua peke yako ni arusi nyingi, na arusi hairudiwi.

Wako watakaosema, "Nikimfundisha huyu, kesho atachukua mteja wangu." Si neno la kipuuzi, maana mteja mmoja aweza kuwa karo ya mtoto. Lakini anayetushinda leo si ndugu aliyesimama kando yetu bustanini, ni simu iliyo mfukoni mwa mteja mwenyewe. Akipata picha mbaya kwa mmoja wetu, hasemi "fulani hajui." Husema "wapiga picha wa pale hawana kitu," akatoa simu yake. Naye tajiri mwenye studio hufurahi tukifichana: ajuaye kazi akiwa mmoja tu, waliobaki huwalipa kama wabeba taa.

Na vyombo je? Mmoja wetu ana lenzi ndefu ya mm 200 inayolala sandukuni Jumatatu hadi Ijumaa, na mwingine akodi ya namna hiyo kwa nusu ya malipo yake. (Ndugu wa Mombasa wajua lenzi iliyolala katika unyevu huota kuvu.) Tuazimane, lakini kwanza iandikwe nani atalipa ikivunjika. Tusiuachie urafiki jambo hili. Urafiki umevunjwa na vitu vidogo kuliko lenzi.

Twataka basi kila mpiga picha aje na picha moja katika mkutano ujao wa tawi lake. Nyuma yake aandike lenzi, tundu lake, mwendo wa kamera, ISO, saa, na jua lilikuwa upande gani. Picha zilizoharibika ziletwe pia, hizo ndizo tutakazokaa nazo zaidi. Na wenye miaka mingi kazini ndio waanze kuonyesha zao, ili vijana wasiogope.