Mke Mwenza Asiyelala

Mwezi huu tuwazungumzie watu ambao wake zao wana mke mwenza asiyekula wala kulala. Ni wale wasimamizi wa mitambo ya kompyuta katika maofisi, mabenki na mahospitali.

Mke mwenza huyo huitwa seva. Hukaa katika chumba chenye baridi kali, na mume humhudumia akiwa amevaa sweta hata mchana wa jua. Akinyamaza tu, hata usiku wa manane, simu inalia na mume anaondoka kitandani. Sisi wauguzi tunaijua zamu ya usiku, lakini asubuhi mwenzako anakuja kukupokea. Huyu amkabidhi nani? Katika ofisi ndogo yuko peke yake, na akienda harusini hukaa karibu na mlango.

Wana utani wao. Mitambo ikienda vizuri, wakubwa huuliza, "Huyu tunamlipa kwa kazi gani?" Ikiharibika, huuliza swali hilo hilo. Tena husema Ijumaa usiguse kitu, maana atakayegusa atakesha mpaka Jumatatu. Na mashemeji je! Kabla hajapewa chai anaonyeshwa printa iliyogoma. Hapo namwonea huruma kabisa, kwa sababu mimi huonyeshwa majipu kwenye foleni ya pilau.

Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, Simon Travaglia wa New Zealand ameandika visa vya opereta mmoja mkorofi, ambaye jina lake kamili halifai kupita mbele ya mhariri wetu. Mtu akimlalamikia kwamba nafasi ya kuhifadhi kazi zake imejaa, opereta huyo humfutia kazi zote, kisha humwambia sasa nafasi ipo tele. Mnashtuka? Nimesikia wauguzi waliochoka wakitania vibaya zaidi ya hapo, nao ni watu wema.

Siku yao ipo, Ijumaa ya mwisho ya Julai. Aliianzisha Mmarekani Ted Kekatos mwaka 2000, baada ya kuona tangazo la Hewlett-Packard ambamo msimamizi analetewa maua na vikapu vya matunda na wafanyakazi waliofurahia printa mpya. Sisi tuna Mei 12, na keki.

Lakini utani kando. Ijumaa ya Julai 19, 2024, saa sita na dakika 9 usiku kwa saa za New York, kampuni ya ulinzi wa kompyuta iitwayo CrowdStrike ilituma marekebisho yenye kasoro. Microsoft ilikadiria kwamba kompyuta milioni 8.5 zilizimika, zikabaki na kioo cha bluu. Ndege hazikuruka, na hospitali nyingine za Marekani ziliahirisha upasuaji usio wa dharura. Kampuni iliondoa marekebisho yale baada ya dakika 78, lakini mashine nyingi zilizokwisha kuanguka hazikuweza kuponywa kutoka mbali. Ilibidi mtu aifikie kila moja, aiwashe kwa namna ya pekee na kufuta faili lile baya. Zile zilizofungwa kwa usalama zilidai kwanza ufunguo wa tarakimu 48.

Arobaini na nane, akina mama, kwa kila mashine! Mtu aliyekesha usiku wa pili hukosea hata kuhesabu matone ya dripu, na ndiyo maana sisi humwita mwenzetu ahakikishe kipimo cha dawa. Hao walisoma tarakimu zile kwa macho mekundu, kahawa mkononi, huku kila anayepita akiuliza, "Bado tu?"

Siku yao mwaka ule iliangukia Julai 26, wiki moja kamili baadaye. Ningekuwa mke wa mmoja wao, maua na matunda ningewaachia wa ofisini. Mimi ningefunga mapazia, nikaificha simu kwenye pipa la unga, na watoto nikawapeleka kwa bibi yao.