Sahani ya Maabara Haina Ini

Wagonjwa wa kisukari hutuuliza mara nyingi: "Sista, tumesikia dawa mpya imegunduliwa. Kwa nini tuendelee na hizi za zamani?" Tujibu kwa mfano wa kweli.

Kwenye utando wa chembe hai za mwili kuna vipokezi. Kipokezi ni kama kufuli: kikipata ufunguo wake, chembe huanza kazi. Vingine hufunguliwa na mafuta. Mwaka 2003 watafiti wa kampuni ya Takeda ya Japani walitangaza kwamba kipokezi kiitwacho GPR40, kilichoko kwenye chembe za kongosho zinazotengeneza insulini, huamshwa na asidi za mafuta. Kikiamka, nazo sukari ya damu ikiwa juu, hutoa insulini zaidi.

Ikaanza kazi ya kutafuta ufunguo wa kutengenezwa. Katika kazi ya namna hii, chembe zenye kipokezi hukuzwa ndani ya vishimo vidogo vya sahani ya maabara. Hutiwa rangi inayong'aa kipokezi kinapoamka, halafu kemikali hujaribiwa, kila moja katika kishimo chake. Maelfu hupimwa kwa muda mfupi.

Takeda walipata dawa iliyoitwa fasiglifam. Ilipojaribiwa kwa wagonjwa, ilishusha sukari kweli. Lakini Desemba 2013, majaribio yakiwa katika hatua ya mwisho kabla ya kuomba kibali, kampuni iliyasimamisha kwa sababu ya madhara kwenye ini.

Wapo watakaosema kazi hiyo ilikuwa bure. Sisi hatukubali. Sahani ya maabara haina ini, binadamu analo. Kufungua kufuli ni mwanzo tu, na kusimamisha dawa kabla haijafika dukani ni kulinda watu.

Kwa hiyo, tunaposikia redioni kwamba dawa imegunduliwa, tuulize kwanza: imejaribiwa kwa nani, na kwa muda gani? Dawa ya zamani isidharauliwe. Matokeo ya metformini kwa wagonjwa yalitangazwa na daktari Jean Sterne wa Ufaransa mwaka 1957, na hadi leo inasaidia wengi.

Tumewapokea wodini watu walioacha insulini kwa kungoja dawa ya uvumi, wakaletwa hawajitambui. Wazazi, msimwache mgonjwa wenu afike huko. Asibadilishe wala kuacha dawa kabla ya kuonana na mganga wake.