Mwacheni Bibi Harusi Amalize Pepa Zake



Leo hatuna picha za hina wala mtindo wa dera. Tuna hasira.

Novemba ni mwezi wa mtihani wa kidato cha nne. Binti ana pepa ya Bayolojia asubuhi, na usiku wa kuamkia tumemkalisha mkekani anasingwa, ngoma inapigwa, wageni wanaingia na kutoka. Ukiuliza, shangazi anajibu: "Aende aandike chochote, mume si yupo?"

Chochote hakina maksi, shangazi. Hisabati inataka njia, hatua kwa hatua. Hata jibu la mwisho likikosewa, njia iliyonyooka huokoa maksi. Jiografia inaleta ramani, apime umbali wa barabara iliyopinda. Historia inataka insha yenye utangulizi, hoja na hitimisho. Ukiambiwa "taja", ukieleza umepoteza wakati. Ukiambiwa "eleza", ukitaja umepoteza maksi. Na karibu yote hayo ni kwa Kiingereza, lugha ambayo nyumbani hatuisemi. Kiswahili na Elimu ya Dini ya Kiislamu ndiyo anayopumulia. Kichwa kisicholala kitawezaje?

Mmoja katika sisi anayajua haya. Pepa ilisema ajibu maswali matatu ya insha. Yeye, kwa usingizi wa siku tatu za shughuli, hakusoma maelekezo. Akayagusa yote, nusu nusu, na hakuna alilolimaliza. Leo ana watoto wawili, anarudia kama mtahiniwa wa kujitegemea, anasoma akishawalaza.

Tupige hesabu basi, maana sare tunazijulia hesabu. Masomo saba ndiyo yanayohesabiwa: C ni pointi 3, F ni pointi 5. Mwenye masomo saba na pointi 25 yuko divisheni ya tatu. C moja tu ikigeuka F anafika 27, keshaangukia ya nne. Somo moja. Asubuhi moja.

Msituambie tunapinga sunna. Tunamzungumzia binti aliyetimiza miaka 18 na aliyeridhia mwenyewe; aliye mdogo kuliko huyo asiguswe na posa kabisa. Huyu wetu anaolewa, inshaallah, ila nikaha haikimbii. Mume atakayeona wiki tatu ni nyingi, muulizeni mengine mapema.

Na wewe somo yake, unayemfunda mambo ya ndani usiku kucha, kwa wiki hizi shika mitihani ya miaka iliyopita. Hujui Kiingereza? Tazama saa tu, mwambie muda umekwisha, aweke kalamu chini. Pesa ya sare ya tatu ilipie tuisheni.

Hata hivyo, Novemba ni vuli, turubai linavuja na biriani inaingia maji. Disemba kaskazi inaanza kuvuma, na bibi harusi atakuwa amelala vya kutosha.