Mambo ya Nyumbani: Kasuku na Kelele Zake

Leo tuzungumze juu ya mgeni anayekaa katika nyumba kadhaa za Bunia, ambaye majirani hawakumwita lakini wote wanamjua. Ni kasuku, yule ndege wa kijivu mwenye mkia mwekundu. Mara nyingi huingia nyumbani hivi: baba au mjomba amesafiri kwa njia ya Komanda na Mambasa, akakuta mtu kando ya barabara ameshika ndege aliyefungwa kamba mguuni. Akamwonea huruma, akatoa fedha, akarudi naye. Watoto wakafurahi, na juma la kwanza kila mtu akamletea ndizi.

Miezi mitatu ikipita, mambo yamegeuka. Mama hawezi tena kusikilizana na mtu jikoni. Mtoto anayejitayarisha kwa mtihani anaziba masikio. Jirani ambaye ni mlinzi wa usiku, na hulala mchana, amekwisha kuja mara mbili kupiga hodi kwa uso uliokunjamana. Hapo ndipo yanapoanza maneno nyumbani: mmoja asema, “Mwuzeni,” mwingine asema, “Mwachilieni,” na wa tatu ameokota fimbo.

Kabla ya kufanya lolote kati ya hayo, yafaa kwanza kujua ndege huyu analilia nini.

Kasuku si kama kuku. Kuku ameishi na watu tangu zamani sana, naye ameyazoea maisha ya uani. Kasuku ni ndege wa msituni, hata kama aliletwa kwako angali kinda asiye na manyoya. Kwao ni msitu wa Ituri na ile mingine inayofuatana nao kuelekea magharibi. Jioni kasuku hukusanyika kulala juu ya miti mirefu, pengine mamia pamoja. Alfajiri huondoka makundi makundi kwenda kutafuta matunda, hasa ya mchikichi. Katika majani mengi hawawezi kuonana vizuri, basi huitana. Mmoja aita, mwingine aitika, kana kwamba waulizana: “Niko hapa, wewe uko wapi?” Asiyeitikiwa huita tena kwa nguvu zaidi, maana ndege aliyeachana na wenzake yumo hatarini.

Sasa ndege huyo amewekwa peke yake katika kizimba, kwenye baraza ya nyumba mjini. Kundi lake ni nani? Ni ninyi. Mama akitoka kwenda sokoni, baba akienda kazini, watoto wakienda shuleni, kundi lote limeruka likamwacha. Basi huita. Mtu akiwamo jikoni, lakini hamwoni, huita vilevile. Kelele ile inayotuudhi ni swali lake, na kwa kuwa hakuna ajibuye, aliuliza tena na tena mchana kutwa.

Kutoka hapo twaweza kufahamu mambo mawili. La kwanza: hakuna dawa ya kumnyamazisha kabisa. Alfajiri na jioni kasuku atapiga kelele kwa muda, kama wafanyavyo wenzake msituni, na mwenye nyumba hana budi kuvumilia. La pili: kelele zinazozidi hapo zina sababu, na sababu hiyo mara nyingi imo mikononi mwetu.

Tazameni jinsi tunavyomfundisha wenyewe. Kasuku akinyamaza akicheza na kijiti chake, hakuna amtazamaye. Akipiga yowe, mama atoka mbio na kumkemea: “Nyamaza wewe!” Mtoto apiga kizimba kwa kijiko. Sisi twadhani tumemwadhibu. Yeye aona kwamba ameita na kundi limekuja, tena limeitika kwa sauti kubwa kama yake. Kesho atapiga yowe zaidi. Waswahili husema: mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Na ndege ni hivyo hivyo.

Basi fanyeni kinyume. Anapopiga yowe, msimkaripie, msimtazame, msimwendee. Ngojeni anyamaze hata kwa kitambo kidogo tu, ndipo mmwendee, mseme naye kwa sauti ya chini na kumpa punje ya mahindi. Chagueni mlio mmoja mzuri, kama mluzi mfupi, mumwitikie kwa huo kila mara mnapokuwa chumba kingine. Akiujifunza, atautumia badala ya yowe, maana ameona kwamba huo hupata jibu. Lakini watu wote wa nyumba washike desturi moja. Baba akinyamaza na bibi akapiga kelele, kazi ya juma zima imepotea. Tena jueni kwamba siku za kwanza kelele zitaongezeka, maana ndege atashangaa kwamba njia yake ya zamani haifai tena. Wengi hukata tamaa siku hizo hizo.

Pili, mpeni kazi. Msituni kasuku hutumia saa nyingi kila siku kutafuta chakula na kukibambua. Nyumbani chakula kimo ndani ya bakuli, naye amemaliza kula kabla ya saa tatu asubuhi. Siku iliyobaki afanye nini? Mpeni magunzi ya mahindi, vipande vya mti mlaini visivyo na rangi, matawi yenye majani, na punje zilizofungwa ndani ya karatasi ili azifungue mwenyewe. Ndege asiye na kazi hupiga kelele, na pengine hung'oa manyoya yake mwenyewe mpaka kifua kibaki wazi. Kizimba nacho kiwe kikubwa cha kumwezesha kukunjua mabawa yote mawili. Kamba ya mguuni ni mateso, tena humvunja mguu.

Tatu, mpeni usiku. Huku kwetu karibu na ikweta, giza la msituni hudumu kama saa kumi na mbili, na kasuku huhitaji usingizi wa saa kumi hadi kumi na mbili. Katika nyumba ambamo redio na televisheni hulia mpaka usiku wa manane, ndege huyu hapati kulala, na asiyelala huamka na hasira. Jua likizama, mwekeni mahali patulivu na kufunika kizimba kwa kitambaa kinachopitisha hewa. Kitambaa hicho kitamkinga pia na baridi, maana mji wa Bunia uko juu kuliko msitu, zaidi ya mita 1,200 kutoka usawa wa bahari.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo ni gumu zaidi kulisema. Kasuku huiga. Hata porini huiga: katika taarifa iliyotangazwa mwaka 1993, wataalamu walionasa sauti za kasuku wa msituni katika nchi yetu, iliyoitwa Zaire wakati ule, walikuta ndani yake milio ya aina 9 za ndege wengine, na hata ya popo. Mjini huiga mlio wa simu, honi ya pikipiki na kikohozi cha babu. Lakini huiga nini kwa upesi zaidi? Mwaka 1977, huko Chicago, mtaalamu wa kike jina lake Irene Pepperberg alinunua kasuku wa kijivu akamwita Alex. Alimfundisha kwa namna hii: watu wawili walikaa mbele ya ndege wakaulizana na kujibizana juu ya kitu, naye akawasikiliza akatamani kuingia katika mazungumzo. Alex alijifunza maneno zaidi ya 100, akajua majina ya rangi na vitu, akahesabu mpaka sita. Alikufa mwaka 2007, akiwa na umri wa miaka 31.

Wazazi, lipimeni jambo hili. Watu wawili wanaojibizana kwa bidii mbele ya ndege ndio walimu wake bora. Je, nyumbani mwenu watu wawili hujibizana kwa bidii wakati gani? Ikiwa ni wakati wa ugomvi, ndege atajifunza ugomvi. Atasema neno la matusi kwa sauti ya baba mwenyewe mbele ya mkwe aliyekuja kusalimu, na watoto watacheka, lakini mama hatacheka. Kumpiga ndege hakufai kitu, wala kumzomea, kwa sababu kicheko na hasira vyote viwili humpa hamu ya kulirudia. Msilijali neno baya hata kidogo, mpeni maneno mengine badala yake. Na lililo kubwa zaidi, neno lisilofaa kusikiwa na mkwe lisisemwe hata ndege asipokuwapo. Watoto nao husikiliza, ila wao hungoja miaka mingi kabla ya kurudia.

Juu ya chakula, maneno machache. Kasuku ale matunda ya mchikichi, mahindi mabichi, papai, mapera, ndizi, karoti na mboga za majani kama lengalenga. Lakini parachichi, ambalo wengi wetu huliita avoka, ni sumu kwake, ingawa kwetu ni chakula chema. Msimpe pia kahawa, pombe, chokoleti wala chakula chenye chumvi nyingi. Karanga zenye ukungu zaweza kumwua. Asikae jikoni karibu na makaa, maana mapafu yake ni mepesi kudhurika na moshi.

Afya ya watu nayo ina sehemu yake. Kasuku aweza kuwa na ugonjwa uitwao psitakosi, unaoingia kwa mtu pamoja na vumbi la kinyesi kilichokauka. Mwaka 1929 na 1930 ugonjwa huo ulienea katika nchi nyingi kwa sababu ya biashara ya kasuku. Basi kinyesi kilowanishwe kwa maji kabla ya kusafishwa, mikono ioshwe kwa sabuni, na kizimba kisiwekwe chumba cha kulala watoto. Mtu wa nyumbani akipata homa na kikohozi kikavu, mwambieni mganga hospitalini kwamba mnafuga kasuku. Dawa ya ugonjwa huo ipo, lakini mganga asiyeambiwa hawezi kuukisia upesi.

Na jirani je? Msingoje aje na hasira. Mwendeeni ninyi kwanza, mseme: “Ndugu, twajua ndege wetu anakusumbua. Tumeanza kumfundisha. Tuambie wewe walala saa ngapi.” Kisha mhamishe kizimba kutoka ukuta wa upande wake, na saa zile alalapo ndege awe ndani pamoja na mtu. Jirani aliyeulizwa huvumilia kelele nyingi kuliko jirani aliyepuuzwa.

Wako wanaosema, “Tumnunulie mwenzake, hatalia tena.” Tafadhali, msifanye hivyo. Kasuku wawili mara nyingi huwa kelele mbili. Tena kila ndege anayenunuliwa barabarani humtuma mwindaji arudi msituni kukamata mwingine, na wengi hufa njiani kabla ya kufika kwa mnunuzi. Katika nchi ya Ghana, utafiti uliotangazwa mwaka 2016 uliona kwamba kasuku wa kijivu walikuwa wamepungua kwa asilimia 90 hadi 99 tangu mwaka 1992. Mwaka huo huo wa 2016, mkutano wa mataifa huko Johannesburg uliamua kumweka ndege huyu katika orodha ya kwanza ya mapatano ya CITES, ambayo hukataza biashara ya kimataifa ya wale waliokamatwa porini. Uamuzi huo ulianza kazi Januari 2017. Nchini Congo, sheria ya tarehe 11 Februari 2014 juu ya kuhifadhi asili yakataza kukamata na kuweka wanyama wanaolindwa pasipo ruhusa ya serikali. Aliye na kasuku aende katika ofisi ya mazingira aeleze habari zake, wala asingoje kutafutwa.

Na kumwachilia? Ndege aliyelelewa kwa mkono hajui kutafuta chakula, wala hamwogopi mbwa. Bunia si msitu, na akiruka leo, kesho watoto wamempiga kwa mawe. Asiyeweza tena kumtunza aulize serikali njia ya kumfikisha kwa watu wajuao kazi hiyo. Huko Lwiro, Kivu ya Kusini, kituo kinachotunza sokwe walionyang'anywa wawindaji hutunza pia kasuku.

Kumbukeni hatimaye umri wake. Kasuku anayetunzwa vema aweza kuishi miaka 40, hata 60. Mtoto aliyemchagulia jina atakuwa na wajukuu, na ndege angali akiita asubuhi. Kwa hiyo familia isiyo na kasuku ikae vivyo hivyo, iwaache waitane wenyewe kwa wenyewe huko msituni. Familia iliyo naye tayari imemtenga ndege huyu na kundi lake, nayo imekuwa kundi lake jipya. Basi leo jioni, kabla ya kumfunika, ngojeni anyamaze kidogo, kisha mmwitikie.