Mtaa Mzuri Cardiff? Muulizeni Anayeshinda Nyumbani



Swali linaloingia kwenye simu zetu ni lile lile: "Tunahamia Cardiff, mtaa gani mzuri?" Kabla hatujajibu, wanaume wameshajibu. Usikae Butetown. Usikae Grangetown. Nenda Cyncoed, nenda Lisvane, na kama mfuko haufiki huko basi tafuta Pontprennau: nyumba za kisasa, gereji, bustani nyuma, kimya. Sisi wanawake wa visiwani tunaoishi mji huu jibu hilo tumelisikia mpaka basi, na leo tunalikataa.

Kimya kwa ajili ya nani? Baba anaondoka na gari alfajiri, anarudi usiku, anakula, analala. Kimya kinamfaa. Anayeshinda nacho ni mke aliyefika juzi, Kiingereza chake cha skuli, mtoto mmoja mgongoni na mwengine mkononi, hamjui jirani wa kulia wala wa kushoto. Gari la pili hakuna. Hata likiwepo, leseni ya Tanzania mkaazi mpya anaruhusiwa kuiendeshea miezi 12 tu, baada ya hapo ni kuanza upya: mtihani wa nadharia, kisha wa barabarani, na masomo ya udereva yanalipiwa kwa saa. Pontprennau ina supamaketi kubwa, hatukatai. Stesheni ya treni haina. Kwa hiyo bibi harusi wetu anangoja basi kwenye mvua, au anamngoja mume. Wengi huishia kumngoja mume, na tunaowapokea simu zao za kilio saa nane za mchana ni sisi, si yule aliyechagua nyumba.

Halafu kuna chuo cha watoto. Huku Disemba jua linazama dakika chache tu baada ya saa kumi jioni. Skuli inatoka kama saa tisa na nusu. Hesabu mwenyewe: mtoto wa kwenda kusoma Kurani anakwenda magharibi ikikaribia na anarudi kiza. Akikaa Grangetown, Riverside au Butetown, anakwenda kwa miguu na wenzake, mama mmoja nyuma yao. Akikaa nje ya mji, anahitaji gari kwenda na gari kurudi, kila siku ya chuo, mwaka mzima. Tumeona chuo kinavyokufa kwenye nyumba hizo. Mwezi wa kwanza kila siku, wa tatu Jumamosi tu, mwakani ni video kwenye tableti.

Sasa hii Butetown inayotiwa woga, wanajua ni nini? Ndiyo ile Tiger Bay ya zamani, mtaa wa mabaharia. Wayemeni na Wasomali walishuka kwenye meli za makaa ya mawe wakaoa, wakazaa, wakajenga dini yao pale kabla hata wengi wetu hatujasikia jina la Wales. Juni 1919 makundi ya watu yalivamia nyumba zao mjini humo, watu wakafa, jamii yao haikuhama. Msikiti wao wa Peel Street ulipigwa bomu wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, wakausimamisha tena. Miaka ya 1960 serikali ya mji ikabomoa nyumba zao kwa mamia na kuweka maghorofa pale Loudoun Square. Bado wapo. Msikiti wa Alice Street upo, wa Maria Street upo, na bibi wa Kisomali wa ghorofa ya chini atakuuliza mtoto wa nani huyu anayelia.

Na angalieni ujanja wa madalali. Fleti za gharama zinazotazama maji, karibu na Bunge la Wales, zimo ndani ya Butetown ile ile. Ila kwenye tangazo huandikwa "Cardiff Bay". Ukivuka barabara kwenda kwenye nyumba za kawaida, jina linarudi kuwa Butetown na sauti inashuka. Sisi tuliozaliwa Unguja mchezo huu tunaujua. Mji Mkongwe na Ng'ambo, nani alikuwa akimdharau nani?

Hatusemi ng'ambo hii ni pepo. Grangetown na Riverside nyumba nyingi ni zile za safu za enzi za Malkia Victoria, na unyevu wake si mdogo. Sisi mafundi cherehani pua zetu hazidanganyiki, kitambaa kikilala wiki kwenye chumba chenye ukungu hakuna mteja atakayekichukua. Basi sogezeni kabati, mtazame ukuta wa nyuma. Rangi mpya kwenye kona moja peke yake ni dalili ya kitu kilichofichwa. Maegesho ya gari ni ugomvi, takataka mara nyengine zinazagaa. Lakini ukuta una sheria yake. Tangu Disemba 1, 2022 mpangaji Wales lazima apewe mkataba wa maandishi ndani ya siku 14, nyumba iwe inafaa kukaliwa na binadamu, na mwenye nyumba akitaka kukutoa bila kosa akupe notisi ya miezi sita. Kabla ya kulipa chochote, mtafuteni kwenye daftari la Rent Smart Wales, liko wazi kwa kila mtu. Upweke hauna daftari.

Wapo wenye sababu nyengine. Nesi wa zamu za usiku hospitali kuu ya Heath akae Heath, Cathays au Roath arudi kwa miguu. Roath hasa tunaipenda: City Road imejaa mikahawa ya halali, na bustani yenye ziwa inatosha kwa watoto Jumapili nzima. Mwenye pesa zake na leseni yake, akitaka Cyncoed kwa ajili ya skuli, aende. Tunachokataa ni mwanamke kuchaguliwa nyumba kama mzigo wa kontena, aambiwe amefanyiwa hisani.

Kwa hiyo shemeji zetu, kabla ya kusaini, mpelekeni mwenyewe, siku ya kazi, bila gari. Aanze mlangoni na kigari cha mtoto mpaka kwa muuza nyama, mpaka skuli, mpaka msikiti wenye sehemu ya wanawake. Mvua ikinyesha ndiyo vizuri zaidi. Na kama bado yuko Zanzibar anangoja viza, mpigieni simu ya video mkiwa mnatembea njia hiyo kwa miguu, si mkiwa mmekaa ndani ya gari.