BUSTANI YETU: Miti ya mihogo tunayopeana

Mwezi huu mama mmoja jirani ametuletea muhogo wake. Kwa nje mnene, mzuri. Alipoukata, ndani mabaka ya kahawia, makavu na magumu. Akauliza: "Nani kaniharibia shamba?"

Mama, hakuna aliyekuroga. Huo ni ugonjwa wa michirizi ya kahawia, na uliingia na ile miti ya mbegu uliyopewa kwa upendo.

Batobato tunaijua, wenzetu wa Kongo na Burundi wanaiita mozaiki. Miaka ya 1990 ilivuma vikali toka Uganda ikavuka mipaka. Hiyo haijifichi: majani yanajikunja, yana madoa ya njano, mti unadumaa. Michirizi ni mjanja zaidi. Majani ya chini yanapata unjano kando ya mishipa, ya juu yanabaki kijani, nawe unaendelea kuchuma sombe (virusi hivyo havimdhuru mtu). Kumbe huko chini mizizi inaoza.

Dawa hakuna. Majivu na pilipili haviponyi mti. Inzi weupe wadogo walio chini ya majani hueneza virusi shamba kwa shamba, lakini safari ndefu tunaibeba sisi wenyewe, kichwani, mzigo wa miti umefungwa kamba.

Basi chagua mbegu majani yakiwa bado mtini. Funga kitambaa kwenye mashina yenye afya. Siku ya kuvuna, kabla hujampa mtu, kata mizizi ya shina hilo vipande vipande uangalie. Ukiona kahawia, miti yake usipande wala usigawe, ianike iwe kuni. Michanga inayoonyesha dalili ing'oe mapema. Na kama shamba limeshaugua, usingoje mihogo inenepe, maana ikikaa sana ardhini uozo unazidi. Chimba mapema, kata palipoharibika, sehemu nzima kula au anika.

Najua kumnyima jirani mbegu ni aibu kwetu, na kuikataa ni vigumu zaidi. Mwambie tu: "Dada, tuchimbe kwanza mmoja tuone." Bwana shamba naye muulizeni aina zinazostahimili.

Yule mama tulikwenda naye shambani, tukakagua majani, tukafukua pembeni na kukata mzizi mmoja mmoja. Mashina manne tu ndiyo hatukuyaona na dalili. Tumeyafunga kitambaa chekundu.