Kura nyeupe nazo zihesabiwe watu wakiwa macho

Ndugu mwandishi, umesifu uchaguzi wa Sweden lakini hesabu yenyewe umeipita juujuu. Vituo hufungwa saa mbili usiku, na wasimamizi walioanza kazi asubuhi ndio haohao wanaokaa kuhesabu kwa mkono. Wanaanza na karatasi za njano, za Bunge. Nyeupe za manispaa na bluu za mkoa hungoja. Sasa, sisi wa Stockholm tusio na uraia, tukishatimiza miaka mitatu ya kuandikishwa kuwa wakazi, hupewa hizo nyeupe na bluu tu! Zetu zinafikiwa na watu waliokwisha kuchoka.

Hata hivyo, ile hesabu ya Jumatano inayofuata siku ya uchaguzi naiunga mkono. Kura za mapema zilizochelewa kufika vituoni, pamoja na za ng'ambo, huhesabiwa siku hiyo. Mwaka 2022 Waziri Mkuu Magdalena Andersson alisubiri mpaka Jumatano, Septemba 14, ndipo akakubali kushindwa. Isitoshe, ofisi ya serikali ya mkoa huhesabu kura zote upya, hadharani. Kwetu Kenya siku kama hizo za kungoja huzaa uvumi wa kila rangi.

Ninachotaka ni kidogo: kabla ya Septemba 2026, manispaa ipange zamu ya pili ya wahesabuji, waje saa mbili usiku wakiwa wamelala mchana.